Siku Nyumba ya Bi Ottie Ilipohama

Asubuhi ile ambayo nyumba ya akina Tuggle ilipaswa kuhama, Bi Ottie alipanda ngazi taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Nyumba yenyewe haikuwa tena juu ya ardhi. Mafundi walikuwa wameinyanyua kwa majeki na kuilaza juu ya vyuma virefu vyenye safu za magurudumu, na baraza lake na nguzo zake nyeupe na dohani yake ya matofali, yote nzima nzima. Mbele yake lilifungwa lori jekundu. Kaunti ilikitaka kile kiwanja ipanue barabara. Kamati ya majengo ya kale ya mji wa Kinlaw ilipiga kelele mpaka nyumba ikapewa sehemu mpya karibu na stesheni ya zamani ya treni, pamoja na ruhusa ya kufunga njia kwa siku moja tu, Jumamosi hiyo. Ikishindikana, Jumatatu lilikuwa linakuja tingatinga.

Zenobia alisimama juu ya ngazi, paji la uso limegusa mlango.

"Mama, fungua."

"Sifungui."

"Watu wa umeme wameshafika. Wanangoja kuinua nyaya."

"Waambie warudi kwao wakanywe kahawa."

"Mama, jana si ulikubali?"

"Jana sikumwona aliyeshuka kwenye lile lori." Sauti ya Bi Ottie ilikuwa karibu, kana kwamba naye ameegemea mlango huo huo kwa upande wa pili. "Nikasema, Ottie, hayo ni macho ya uzee. Halafu akavua kofia. Zenobia, yule si Ransom Gaddis?"

Zenobia akageuka kulitazama lori.

"Nimekuuliza."

"Ni yeye, Mama."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Tangu kamati ilipomchagua."

Chini, injini ya lori ilikuwa ikinguruma polepole.

"Ulijua," akasema Bi Ottie. "Umekaa mezani kwangu, umenipakia siagi kwenye mkate, na huku unajua ni nani anayekuja kuitia mikono nyumba aliyoijenga babu yako."

"Ningekwambia, ungekataa."

"Basi nakataa sasa! Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba yake alilivunja kanisa la Sweet Well ubao kwa ubao, mimi nimesimama pale naangalia. Nilibatizwa mle, nikaolewa mle. Sasa mwanawe anataka na nyumba? Haya, aivute nikiwa humu humu. Akiivunja, anivunje na mimi."

Zenobia aliteremka ngazi akiwa ameangalia chini. Alijua nani anamsubiri pale chini, na alitaka apate nafasi ya kupanga uso wake. Hakuipata.

"Zenobia."

Mji mzima ulimwita Nobi, na watoto aliowafundisha muziki shuleni walimwita Bi Tuggle. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyelitamka jina lake namna ile, lote, bila haraka, kama mtu anayepitisha mkono juu ya kitambaa kizuri.

"Habari za siku nyingi, Ransom."

"Nzuri." Alikuwa amenenepa kidogo mabegani, na ndevu zimeingia mvi kidevuni. Macho yalikuwa yale yale, mazito, ya kumtazama mtu kama vile hakuna kingine cha kutazama. "Ameniona?"

"Amekuona."

"Anasemaje?"

"Anasema umvute akiwa ndani. Ukiivunja nyumba, umvunje na yeye."

Ransom aliyainua macho kwenye madirisha, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Hajabadilika."

"Cheka tu. Si wewe utakayekula naye chakula cha jioni."

"Kuna wakati nilitamani sana kula naye chakula cha jioni," akasema Ransom. Tabasamu likaondoka.

Zenobia hakujua aweke wapi mikono yake. Akaikunja kifuani, akaikunjua. Ransom akavaa kofia yake na kugeukia nyumba. "Basi abaki humo."

"Inawezekana?"

"Nyumba haiwezi kujua kama ina mtu. Atakayejua ni askari."

Afande Purvis, aliyekuwa amekuja na gari lake kuongoza msafara, alisogea akitafuna kijiti. "Ransom, sheria hairuhusu mtu ndani. Yumo nani?"

"Bi Ottie Tuggle."

Purvis akaacha kutafuna. "Bi Ottie alinifundisha darasa la tatu," akasema. "Mimi simtoi mle. Mtoe wewe."

"Mimi pia simwezi."

"Basi sikilizeni. Mimi nitakuwa mbele, macho yangu yako barabarani. Kilichoko nyuma yangu sikioni." Akaenda zake kuwasha taa za buluu.

Ransom akamgeukia Zenobia. "Usimwache peke yake. Kaeni chumba cha kulia, mbali na dohani. Mkisikia mbao zinalia, msiogope. Nyumba ikisafiri huongea. Ikinyamaza ghafla, hapo uniite."

"Nitakuitaje, na wewe uko kwenye lori?"

"Lori analiendesha Ezra, msimamizi wangu. Mimi hutembea kando ya nyumba." Akasita kidogo. "Nitakuwa chini ya dirisha lako."

Bi Ottie alifungua mlango baada ya kuapiwa mara mbili kwamba hakuna atakayemtoa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kofia ya utepe. Akakaa kwenye kiti cha kubembea, akaweka mkoba mapajani. "Mwambie nyoka wako nimeshakaa," akasema.

Kisha nyumba ikaondoka.

Mwanzoni Zenobia hakuamini kama wanakwenda. Hakukuwa na mshtuko. Ila mti wa pekani uliokuwa dirishani tangu azaliwe ulianza kujitoa pole pole, kama mgeni anayeaga, mpaka mahali pake pakabaki anga tupu. Mbao zikaanza kulia. Vikombe vilivyofungwa magazeti vikagongana kabatini. Zenobia alikwenda dirishani, akainua kioo, akachungulia.

Ransom alikuwa pale, kofia yake mbali chini ya kizingiti cha dirisha, anatembea mwendo wa mtu anayesindikiza.

"Mko salama?"

"Tuko salama. Mama amefumba macho."

"Sijafumba," Bi Ottie akasema nyuma.

Mtaa wa Depot ulikuwa umejaa watu. Walitoka na viti vyao vya kukunja na mifuko ya karanga za kuchemsha wakajipanga mbele ya ghala la pamba kama wanangoja gwaride. Wengine walipunga mkono. Zenobia naye akapunga, akaona haya, akarudisha mkono.

"Bado unapiga kinanda?" Ransom akauliza.

"Jumapili kanisani. Siku nyingine kwa watoto wasiotaka kujifunza." Akavuta pumzi. "Nilisikia ulioa."

"Nilioa, kule Savannah. Alikuwa mwanamke mwema. Amefariki, huu mwaka wa nne."

"Pole, Ransom. Pole sana."

"Nimeshapoa." Walipita duka la vinyozi ambalo milango yake haikuwa imefunguliwa tangu wakiwa watoto. "Na wewe?"

"Nilichumbiwa mara moja. Mwenye duka la viatu, kule Valdosta. Mama alimpenda sana."

"Na wewe je?"

"Mimi nilipenda viatu."

Ransom alicheka kwa sauti, kicheko kile kile cha kurusha kichwa nyuma, na Zenobia akahisi kitu kifuani kikifunguka ambacho alishasahau kwamba kilifungwa.

"Nawasikia!" akasema Bi Ottie.

Lori lilipunguza mwendo kuwapa watu wa umeme nafasi ya kuinua waya kwa fito zao ndefu, na nyumba ikapita chini yake taratibu. Hoteli ya Lanier ilikuwa inapita upande wa kushoto, madirisha yake yamezibwa kwa mbao, lakini roshani yake ya chuma bado inapendeza. Wakiwa vijana walikuwa wakikutana chini ya roshani ile kukiwa na mvua, yeye na Ransom, wakijifanya wanajikinga.

"Ile Jumapili nilikuja," Ransom akasema. Hakuinua macho. "Nilikuja na suti ya kuazima, nije nimwone baba yako rasmi."

"Ilikuwa kubwa mabegani."

Ransom akaacha kutembea. Nyumba ikampita kidogo, ikabidi akimbie hatua chache kuifikia. "Uliniona?"

"Nilikuwa nyuma ya pazia la sebuleni. Nilimsikia Mama akikwambia hakuna Gaddis atakayeoa kwake maadamu yeye anapumua. Nikashika kitasa cha mlango, Ransom. Nilikishika kabisa. Nikajiambia, akigeuka tu, nafungua." Akaitazama kofia ya Ransom pale chini. "Hukugeuka."

"Nilikuwa nalia," akasema Ransom. "Mwanamume mzima, suti ya watu, nimeshika kofia. Ningegeukaje?"

Zenobia aliweka mkono wake kwenye kizingiti cha dirisha, nje. Ransom hakuweza kuufikia; nyumba ilikuwa juu mno. Akaweka kiganja chake ukutani, kwenye mbao nyeupe chini ya dirisha, akaendelea kutembea hivyo, mkono wake juu ya nyumba, mpaka walipofika uwanja wa mahakama.

Pale ndipo njia inapokunja, kati ya pembe ya benki ya zamani na mwaloni mkubwa wa mahakama. Ransom akaenda mbele. Zenobia alimsikia akimwelekeza Ezra: kushoto, bado, bado, simama. Nyumba ikaegama kidogo upande wa benki. Kisha mbao zikaacha kulia.

Bi Ottie alimshika bintiye mkono.

"Ransom!" Zenobia akaita. "Imenyamaza!"

"Nimesikia." Alikuja mbio, akainama chini ya vyuma, akatoka. Akaagiza kitu kwa watu wake. Jeki ikalia mara mbili tatu. Akauegemea ukuta kwa viganja vyote viwili. "Polepole, bibi mkubwa," akasema kwa sauti ya chini. "Polepole. Hakuna anayekukimbiza."

"Nani bibi mkubwa?" akauliza Bi Ottie.

"Naongea na nyumba, Bi Ottie."

"Oh." Akajiweka sawa kwenye kiti. "Haya, endelea nayo."

Ubao mmoja ukalia, halafu mwingine, halafu nyumba nzima ikaanza tena kulalamika kama ajuza anayenyanyuka kitini. Matofali ya benki yalipita dirishani karibu kiasi kwamba Zenobia angeweza kuyagusa. Watu uwanjani wakapiga makofi. Bi Ottie hakuuachia mkono wa bintiye. Alikuwa akimtazama kwa muda mrefu mwanamume aliye nje.

Walikuwa wamepita mahakama na kuingia Mtaa wa Church aliposema, "Mwambie asimamishe."

"Hapa, Mama? Hapa hapana kitu."

"Najua hapana kitu. Mwambie."

Lori likasimama. Upande wa kulia palikuwa na uwanja wa lami wenye mistari ya kuegeshea magari, na ukingoni mwake kisima cha mawe kilichofunikwa. Hicho tu ndicho kilichosalia cha Sweet Well. Bi Ottie aliinuka kwa kujikongoja, akaja dirishani akasimama karibu na bintiye.

"Gaddis," akaita.

"Naam, Bi Ottie." Akavua kofia.

"Baba yako alilivunja kanisa langu."

"Ndiyo, mama. Na mimi nilikuwa juu ya paa. Kigae cha kwanza nilikitoa mimi."

"Lakini hakuliuza." Bi Ottie hakuwa anamtazama, alikuwa anatazama lami. "Lilivuja. Vijana walitaka kanisa la matofali lenye viyoyozi. Wazee wa kanisa wakapiga kura, na Elbert wangu akainua mkono."

"Baba?" Zenobia akasema. "Baba alipiga kura liuzwe?"

"Akainua mkono, akarudi nyumbani, akala mboga zangu na mkate wa mahindi, akasema vimekolea chumvi vizuri. Ningefanyaje? Utamchukia vipi mtu unayempikia kila siku? Na chuki ilikuwepo, mwanangu, inatafuta pa kukaa. Ikamkuta Roy Gaddis na nyundo yake." Akamtazama Ransom. "Halafu mwanawe akaja mlangoni kwangu na suti."

Gari la Purvis lilikuwa limesimama mbele, taa zinazunguka. Hakuna aliyepiga honi.

"Baada ya lile kanisa nilimwambia baba sivunji tena," akasema Ransom. "Ndiyo maana niliondoka kwenda kujifunza kazi hii. Alinikasirikia mpaka—"

"Sikukuuliza hayo," Bi Ottie akamkata, ila kwa upole. Alikitazama kile kisima kidogo tena. Kisha akarudi kwenye kiti chake. "Vuta. Jua linapanda, na mimi sijanywa chai."

Ilipofika alasiri nyumba ilikuwa imeshasimama mahali pake papya, uso wake umeelekea stesheni ya zamani, bado juu ya vyuma vyake ikingoja mafundi waijengee nguzo. Akina mama wa kanisa walikuja na kuku wa kukaanga, maharage ya siagi na keki, wakapanga kila kitu nyuma ya magari yao. Nusu ya mji ilikuwa pale na sahani mkononi.

Zenobia alimkuta Ransom kando ya lori lake, anakula amesimama.

"Umefanya kazi nzuri," akamwambia.

"Nyumba yenyewe ni nzuri. Babu yako alijua kuunga mbao." Akatazama sahani. "Ezra na vijana watabaki kuishusha. Mimi naondoka alfajiri. Kuna nyumba inanisubiri kule Carolina."

"Alfajiri."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ndiyo hivyo."

"Niambie iwe vipi, Zenobia, nami nitasikiliza. Mara ile nilijiondokea bila kukuuliza. Sasa nakuuliza. Unataka nibaki?"

Zenobia alitazama huku na huku. Watu wote aliowajua tangu utotoni walikuwa pale, wanakula, na masikio yao yote yako upande huu. Zamani hilo tu lingemtosha kuinamisha kichwa na kusema kwaheri ya adabu.

"Nataka ubaki," akasema. Hakunong'ona. Dada mmoja wa kwaya aliacha paja la kuku hewani. "Nimechoka kujua habari zako kwa watu. Mara uko Savannah, mara umefiwa, na mimi najifanya sisikilizi. Baki, Ransom."

Ransom aliiweka sahani juu ya boneti kama mtu anayeogopa kuiangusha. "Na mama yako?"

"Mama yangu nitamtunza mpaka siku yake. Lakini hili si lake. Hili ni langu."

"Gaddis!"

Wote wakageuka. Bi Ottie alikuwa amesimama kwenye baraza lake, juu ya vichwa vya watu, kofia ya utepe imekaa vizuri, na mkononi ameshika yai.

"Nyumba yangu imekaa upande."

"Haiwezekani, Bi Ottie," akasema Ransom. "Nimepima mwenyewe."

"Umepima nini? Nimeweka yai hili kwenye sakafu ya jikoni, likabingirika mpaka mlangoni. Yai halisemi uongo."

Ezra akajifuta midomo haraka. "Usijali, mama, kesho mimi nitaliangalia hilo—"

"Wewe nani? Mimi namtaka mwenye kazi."

Zenobia aliuma mdomo wa chini. Sakafu ya jikoni ilikuwa na mteremko tangu kabla hajazaliwa. Alipokuwa mtoto, kila gololi aliyoipoteza aliikuta palepale mlangoni, na aliyemwonyesha mahali pa kuitafuta alikuwa mama yake.

Ransom alimtazama Bi Ottie, akamtazama Zenobia, akamtazama Bi Ottie tena. "Sakafu ya namna hiyo," akasema taratibu, "inachukua muda, mama."

"Muda gani?"

"Majuma kadhaa. Pengine zaidi."

"Usiharakishe. Mji huu umeharibiwa na kazi za haraka." Bi Ottie akageuka aingie ndani, akasimama. "Na nyumba ya huko Carolina, kama imesimama miaka yote hiyo, haitaanguka mwezi huu."

Akaingia na yai lake.

Ezra alisogea karibu na bosi wake, akashusha sauti. "Bosi, mimi nimepita jikoni mle na pimamaji. Ule mteremko ni wa siku nyingi mno, hata ukitazama zile mbao—"

"Ezra," akasema Ransom, macho yake hayajatoka kwa Zenobia, "kula kuku."

Akanyoosha mkono, na Zenobia akaushika mbele ya mji mzima, wala hakuuachia hata dada wa kwaya alipoanza kuimba.